Neno la Barazani Manda: Kejeli na Kupotea kwa Sauti katika Habari za Pate

Katika masimulizi yajulikanayo kwa jina la Habari za Pate mna kisa kifupi kuhusu kuanguka kwa mji wa Manda. Wanahistoria wamekitumia kuonyesha uhasama uliokuwapo baina ya miji ya visiwa vya Lamu, na wengine wamekitumia kuonyesha jinsi waungwana wa pwani walivyowatazama wavuvi. Makusudi ya makala haya ni kukisoma kisa hicho kwa jicho la mtu wa lugha. Nitajaribu kuonyesha kwamba neno lililouangusha mji ule, ikiwa kweli liliuangusha, ni neno ambalo hatujui lilisemwaje; na kwamba kutojua huko si upungufu mdogo wa chanzo, bali ndilo shina la kisa chenyewe. Kejeli hukaa katika sauti, katika uso, na katika ujamaa wa wasemao. Maneno yakichukuliwa peke yake yakapelekwa kwa asiyekuwapo, kejeli huachwa njiani, na aliyepelekewa hupokea tusi.

Kwanza yafaa tupakumbuke mahali penyewe. Kisiwa cha Manda hutenganishwa na Lamu na mkondo mwembamba wa maji, na Rasi Kitau, iliyo ncha yake ya kusini, hutazamana na Shela. Leo msafiri ajaye Lamu kwa ndege hutua Manda kisha akavuka kwa mashua. Na Maweni, kijiji cha kisiwa hicho, chajulikana kwa wakata mawe. Lakini Manda ya wanahistoria ni magofu. Mji wa kale uitwao Manda uko upande wa kaskazini. Takwa, ambako mtu hupita baina ya mikoko na hungoja maji yajae, ni mji wa baadaye. James Kirkman alichimba Takwa mwaka 1951. Neville Chittick alianza kazi yake Manda mwaka 1966, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1984, mwaka ule ule aliofariki. Kutokana na kazi hiyo twajua kwamba katika karne ya 9 Manda ulikwisha kuwa mji wa biashara, wenye vyombo vya kauri kutoka Ghuba ya Uajemi. Takwa ulikaliwa hasa katika karne za 16 na 17. Kaburi lake la mnara lina tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1682 au 1683, na watu wa Shela, ambao wengi wao huhesabu asili yao kisiwani humo, wameendelea kulizuru na kuomba mvua hapo.

Kisa chenyewe, kwa muhtasari, ni hiki. Manda ulikuwa na nguvu na Pate ulikuwa bado mji mdogo. Mtawala wa Manda aliwakataza watu wa Pate wasifanye kazi ya vyombo katika msimu fulani, kwa sababu kelele za kugonga zilimfikia na kumsumbua. Ukazuka uadui, ukakaa muda. Siku moja wakubwa wa Manda walikutana barazani kwa shauri. Mmoja wao, ambaye habari yamwita Bakiumbe, alikuwa amekwenda baharini kuvua. Wako waliosema angojewe. Wengine wakasema hapana haja ya kumngoja, yeye ni mvuvi tu, mtu wa chini. Aliporudi, jamaa yake akampasha habari. Bakiumbe akaona amevunjiwa heshima na watu walio sawa naye, akanuia kufanya jambo litakalowaweka wanyonge na waungwana wa Manda katika hali moja. Akaenda Pate akapatana na mfalme. Kisha, usiku, akapiga ukelele wa hatari katika mji wake mwenyewe. Watu wakatoka na silaha, wasione kitu. Alipokwisha kurudia hayo, watu wakamwona mwongo asiyestahili kuamkiwa. Na usiku ambao jeshi la Pate lilikuja kweli, hakuna aliyetoka. Manda ukaingiwa.

Tuanze na zile kelele za nyundo, ambazo wasomaji wengi huzipita mbio. Baina ya mji wa Manda na mji wa Pate pana maji ya ghuba nzima. Ni vigumu kuamini kwamba nyundo ya fundi wa jahazi ilivuka maji hayo ikamtoa mfalme usingizini. Amri ya namna hiyo, ikiwa ilitolewa, ina harufu ya mzaha wa mkubwa kwa mdogo: punguzeni makelele, sisi twalala. Au yawezekana ni watu wa Pate waliolitia neno hilo kinywani mwa mfalme wa Manda ili wamcheke kwa ulaini wa masikio yake. Vyovyote iwavyo, katika maandishi tuliyo nayo limesimama kama amri kamili yenye sababu kamili, na hapana alama yoyote ya kumwambia msomaji acheke au asicheke. Hii ndiyo dalili ya kwanza kwamba katika kisa hiki kuna vicheko vilivyofutika.

Sasa twende barazani, na tuvihesabu vinywa. Neno lilisemwa na mtu mmoja mbele ya watu waliomjua. Likachukuliwa na jamaa yake Bakiumbe. Likasimuliwa Manda, kisha Pate, kwa vizazi tusivyoweza kuvihesabu. Maana tarehe za Habari za Pate zimetiliwa shaka kubwa tangu Chittick alipoandika juu yake mwaka 1969. Yasemekana nakala ya asili ilipotea Witu, Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Nakala tulizo nazo zinatokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu ya Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Stigand alichapisha masimulizi yake kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner akatoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Heepe akafuata mwaka 1928. Na Marina Tolmacheva akazilinganisha nakala hizo katika kitabu cha mwaka 1993. Kwa hiyo neno la barazani limepita vinywa vingi, kisha kalamu ya hati ya Kiarabu, kisha herufi za Kirumi, kisha lugha ya kigeni. Mpasuko wa kwanza, hata hivyo, haukufanywa na Stigand wala Werner. Ulifanywa siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, na yule jamaa aliyekwenda kumpokea mvuvi.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kukumbushwa jinsi Kiswahili kinavyoitegemea sauti. Swali lisilo na kiulizi hutofautiana na taarifa kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. "Amefika" ni habari, na "Amefika?" ni swali, wala hapana silabi iliyoongezwa. Katika hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa na waandishi wetu wa pwani, hata kile kiulizo cha herufi za Kirumi hakikuwapo. Hati hiyo, ambayo mara nyingi haikutenga *e* na *i* wala *o* na *u*, ilimwachia msomaji kazi kubwa ya kuijua lugha kabla ya kuisoma. Aliyejua aliisoma vizuri, kwani aliisoma kwa masikio. Lakini mambo ambayo masikio hayakupata kuyasikia, hati haikuweza kuyafundisha.

Tuchukue basi sentensi ya mfano, isiyo ya nakala yoyote: "Hatumngoji, ni mvuvi." Yaweza kusemwa kwa namna nne kwa uchache. Ya kwanza ni taarifa ya kawaida kabisa. Mvuvi harudi kwa wito wa baraza. Hurudi maji na upepo vikimruhusu, na watu wenye haraka hawawezi kuyangoja maji. Ya pili ni dharau, na ndiyo iliyomfikia Bakiumbe na ndiyo tunayoisoma sote. Ya tatu ni swali la mtu anayemtetea: asingojewe kwa kuwa ni mvuvi? Ya nne ni mzaha wa watu wa makamo mamoja, usemwao kwa kicheko: mwacheni mvuvi wetu, atatuletea kitoweo. Maneno ni yale yale matatu. Aliyekuwapo hakosi kujua ni ipi. Asiyekuwapo hana lolote la kumwongoza ila moyo wake na uso wa mjumbe.

Kiswahili, bila shaka, si maskini wa alama za kejeli. Kina "eti", ambayo yaweza kuligeuza neno zima chini juu. Kina "kumbe" na "ati". Kina ngeli za kudogosha na kukuza, zinazomfanya mtu kuwa kijitu au jitu. Kina heshima zitolewazo kwa kupita kiasi, kama mtu anapomwita "bwana mkubwa" kijana aliyechelewa kufika kazini. Lakini tukiziangalia vyema tutaona kwamba alama hizi ni mali ya msemaji, na mjumbe ana uhuru wa kuziacha. Tena mjumbe akiitia "eti" ambayo msemaji hakuitumia, amekwisha kutoa hukumu: "Eti wewe ni mvuvi tu." Neno hilo moja dogo halimkejeli tena mvuvi, linamshitaki aliyesema. Sitashangaa ikiwa hivyo ndivyo Bakiumbe alivyoambiwa, ingawa siwezi kulithibitisha hilo.

Pana hoja ya kunipinga ambayo sipendi kuikwepa. Itasemwa kwamba dharau kwa wavuvi ilikuwa kweli katika miji ya pwani, kwamba ustaarabu wa waungwana ulijengwa juu ya tofauti ya nasaba na kazi, na kwamba kwa hiyo hapana haja ya kutafuta mzaha mahali ambapo dharau yatosha. Sikatai kwamba dharau hiyo ilikuwapo. Ninachokataa ni kuifanya sentensi hii kuwa ushahidi wake. Tukiusoma mgawanyiko wa watu wa Manda kutokana na neno moja, tena neno lililofikishwa na mjumbe kwa mtu aliyekwisha kukasirika, tunajenga nyumba juu ya mchanga wa Shela. Aidha, tusisahau chanzo hiki ni cha nani. Habari za Pate ni habari za Wanabhani, yaani ukoo wa washindi. Mshindi hupata faida kubwa ikiwa mji ulioshindwa utaonekana umejiua wenyewe kwa kiburi. Kejeli iliyosomwa kama dharau tupu huwatia hatiani wakubwa wa Manda, humfanya mvuvi kuwa msaliti mwenye sababu, na huliacha jeshi la Pate likiingia mlango uliokuwa umekwisha kufunguliwa. Sisi nasi, kila tunapolinukuu neno lile bila kuuliza lilisemwaje, tunausoma upande wa Pate.

Wataalamu wa utani wameandika mengi yafaayo hapa. Tangu makala ya Moreau ya mwaka 1944 hadi majuzuu yaliyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 chini ya uongozi wa Stephen Lucas, imeelezwa jinsi mtani anavyoruhusiwa kusema jambo ambalo mwingine angelipigwa kwalo. Nionavyo mimi, sharti moja halikutiliwa mkazo wa kutosha: mtani atukanwaye awe karibu, aweze kujibu. Utani ni mchezo wa watu wawili. Tusi la mtani lisilojibiwa bado halijawa utani. Limekaa hewani, lasubiri. Bakiumbe alinyimwa nafasi ya kujibu. Lau angeliingia barazani na chano cha samaki begani huku maneno yale yakisemwa, huenda angeliwajibu kwa neno kali zaidi, watu wakacheka, na mji ukasimama miaka mingine.

Sehemu ya pili ya kisa huturudishia jambo lile lile likiwa limepinduliwa. Mara ya kwanza neno ambalo yawezekana lilikuwa jepesi lilipokewa kuwa zito. Mara ya mwisho ukelele uliokuwa kweli ulipokewa kuwa upuuzi. Na tuangalie ni kwa hila gani. Bakiumbe hakubadili maneno ya ukelele wake hata mara moja. Alichokiharibu ni ule ujuzi wa wasikilizaji wa kutenganisha sauti ya kweli na sauti ya mzaha. Aliyekosewa kwa kutosikia aliwafanya wenzake viziwi. Iwe ni historia au ngano (na visa vya mlinzi mwongo vipo katika nchi nyingi), msimulizi aliyevifunga visa hivi viwili pamoja alijua alitendalo.

Kwamba watu wa visiwa hivi waliijua hatari ya neno lisafirilo, twaweza kuona katika ushairi wao. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ugomvi uliofikia kilele kwenye vita vya Shela, ng'ambo tu ya Manda, Lamu na Mombasa ziliandamana kwa mashairi kama zilivyoandamana kwa silaha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga kwa kejeli ambayo haikuwaacha Lamu salama. Na Lamu ilikuwa na washairi wake, miongoni mwao Bwana Zahidi Mgumi. Shairi lilikwenda kwa chombo, likafika bila uso wa mtunzi. Lakini lilikuwa na kinga ambayo neno la barazani halikuwa nayo. Desturi ya kujibizana ilimtaka ajibuye alishike fumbo la mwenzake na kulirudisha. Jibu lilikuwa ndiyo hati ya kupokea: lilionyesha ni kiasi gani cha kejeli kilichofika na ni kiasi gani kilichozama. Tena wote wawili walijua kwamba wako vitani. Hakuna aliyemdhania mwenzake anamsifu.

Kinga hiyo hudumu kadiri wanaojua wanavyodumu. Nusu karne baada ya Muyaka, W. E. Taylor alipokuwa akikusanya mashairi yake Mombasa, alimhitaji Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi siyo kwa maneno tu bali kwa maelezo: shairi hili alielekezewa nani, lilitoka katika kisa gani. Hichens alipoyachapisha mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz alipoyachambua upya mwaka 1979, walisimama juu ya kazi hiyo. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, mwaka ule ule wa maangamizi ya Witu. Bila yeye tungekuwa na beti za Muyaka zikiwa kamili kabisa, mizani na vina mahali pake, na nyingi katika hizo tungelizisoma kama mawaidha juu ya vyombo na bahari. Nimepata kuona wanafunzi wazuri wakisoma hivyo ubeti wenye sumu, na sikuwalaumu. Hapana kitu katika karatasi kiliwaambia vinginevyo.

Katika miaka ya 1970 jambo lililoelekea kuwa dawa lilizuka Lamu. Wakati wa ushindani wa uchaguzi wa bunge katikati ya muongo huo, washairi wa pande zilizopingana walitungiana mashairi yaliyosomwa kwa sauti, yakanaswa katika kaseti, yakasambazwa. Assibi Amidu aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kiitwacho Kimwondo. Mtu angelidhani kwamba hapo tatizo la Manda limekwisha, maana sauti sasa yasafiri pamoja na neno. Nadhani limepungua tu. Kaseti huichukua sauti, haiuchukui ujamaa. Msikilizaji wa mjini Lamu alijua mshairi ni mwana wa nani na amewahi kukosana na nani, hata akalijua jembe limemlenga nani kabla halijatua. Aliyesikiliza mbali na huko alisikia dhihaka tamu isiyo na mlengwa, akalazimika kuuliza. Na kwa habari ya siku zetu, ambapo mtu wa Lamu humwandikia nduguye wa Mombasa au Maskati ujumbe mfupi wa simu na kuungoja papo hapo, tumerudi kwenye neno lisilo na sauti, ila sasa jibu huja upesi kuliko hasira inavyoweza kupoa. Bakiumbe angalau alikuwa na safari ya kwenda Pate ya kufikiri.

Nirudi kwenye matini. Wahariri walioihamisha hati ya Kiarabu katika herufi za Kirumi walilazimika kutia vituo, kwani ndivyo uchapaji wa Kirumi unavyotaka. Kila mahali walipoweka nukta mwishoni mwa maneno ya baraza la Manda, waliamua kwamba ni taarifa. Haikuwa dhambi, msomaji alitaka kusoma. Lakini nukta ile si ya Bwana Kitini, wala si ya mwandishi aliyemwandikia, wala, kwa yakini kabisa, si ya mtu aliyesema. Siku ambayo Habari za Pate zitachapishwa tena kwa ajili ya vyuo vyetu, ningelipendekeza mahali hapo pawe na maelezo chini ya ukurasa, yakisema kwamba katika hati sentensi hii haina kituo chochote.